Kunguru wa Dada Raghad

Jumatatu, 2 Septemba

Nimenunua daftari hili kwa sababu daftari la kikundi halinitoshi. Kule mimi ni katibu, naandika "mwenyekiti alifungua mkutano kwa dua" basi. Siwezi kuandika kwamba dua ya Mzee Zakariya ilichukua dakika kumi na saba, wala kwamba Wanza alimaliza mahamri kabla hatujafika ajenda ya kwanza. Hapa nitaandika.

Tuko watu kumi na mmoja. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli twapunguza kunguru wa Mji wa Kale, ili ndege wadogo, mnana na chozi na shore, wapate kulea makinda yao. Kunguru hawa si wa hapa. Waliletwa na meli zamani, wakazaana, na sasa hawaachi yai wala kinda. Mwaka jana tulihesabu viota kumi na vinne vya mnana kwenye ile minazi mitatu ya Kuze, nyuma ya nyumba yangu. Halikuruka kinda hata moja.

Na dawa ya kuwaua tulitia. Afisa wa wanyamapori alikuja nayo mwenyewe, kwa kibali. Tukaichanganya na nyama, tukaiweka juu ya ukuta, tukajificha. Kunguru wakaja, wakaitazama nyama, wakatutazama sisi, wakaenda zao. Watu wazima kumi na mmoja tukadharauliwa na ndege.

Alhamisi, 5 Septemba

Mkutano sebuleni kwa Mzee Zakariya. Wanza, mwanamke wa Machakos anayefanya kazi kwenye zahanati ya wanyama, ndiye pekee kati yetu anayejua anachosema, na kwa hilo namsamehe mahamri.

"Kunguru anajua sura," alisema. "Anataka mtu mmoja, sinia moja, saa ileile, wiki sita bila kukosa. Akishamwamini huyo mtu, atakula chochote atakachopewa."

"Na mtu huyo tutamtoa wapi?" akauliza Mzee Zakariya.

Nikasema yuko nyumbani kwangu. Dada yangu Raghad huwatupia kunguru mabaki juu ya paa letu kila asubuhi, miaka mingi sasa. Wanamjua kuliko wanavyojua mnazi.

"Amekubali?"

"Mimi ndiye ninayesema kwa niaba yake."

"Basi yamekwisha," akasema mzee, akafunga faili.

Walii wake ni mimi tangu baba afariki, na kwetu ndugu mwanamume akishasema, hakuna anayepita nyuma kwenda kumwuliza mwanamke mwenyewe. Joab, yule wa bara anayefanya kazi gatini Mbaraki, alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu. Akaufunga. Nadhani aliona ni mila za watu, asiingilie. Nikaandika kwenye kumbukumbu: "Bi Raghad ameridhia."

Ijumaa, 6 Septemba

Ningemwambia. Lakini mimi na dada yangu hatuzungumzi, hilo ndilo tatizo. Twaamkiana. "Sabalkheri." "Sabalkheri." Aniwekea chakula, nala, nasema alhamdulillahi, naondoka. Miaka thelathini.

Niandike na hili, maana hakuna atakayelisoma. Dada alikuwa na miaka thelathini na nne, mimi thelathini na mmoja. Alikuja mwalimu mmoja wa Rabai, Chirau, aliyekwisha kusilimu, na wazee wake, na adabu zake zote, kumposa. Mimi niliwapokea mlangoni. Nikawaambia dada yangu hataki. Sikumwuliza. Yeye alikuwa ndani anapika chai ya wageni. Alipotoka na birika, wageni walikuwa wamekwisha kushuka ngazi.

Kwa nini nilikataa? Nilisema wakati ule ni mambo ya ukoo. Uongo. Niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii, maana sikuwa nimeoa bado.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimempelekea nyama ya kwanza. Mapafu na vipande vya mafuta, kutoka marikiti, robo kilo. Alikuwa jikoni anasugua sufuria.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kunguru wako."

Akanitazama muda mrefu sana. Dada ana macho ya marehemu mama, yanakuvua nguo.

"Tangu lini wewe wawajali kunguru?"

"Tangu nimestaafu sina la kufanya," nikasema. Akaichukua. Saa kumi na mbili na nusu alipanda paani na sinia la bati.

Jumanne, 10 Septemba

Nyama. Sabalkheri.

Alhamisi, 12 Septemba

Joab amekaa kwenye dirisha la jirani yetu Noor na karatasi yake. Kunguru ishirini na tatu. Noor amemwuliza anahesabu nini, yeye akamwambia ni utafiti. Hajui kusema uongo, anajikuna shingo.

Jumapili, 15 Septemba

Maulidi msikitini. Nimekula biriani hadi nikaona haya. Asubuhi nyama kama kawaida.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo nilipanda naye juu. Wanza kasema nisionekane sana, basi nikakaa nyuma ya tangi la maji. Dada huwanong'oneza. Nilidhani atakuwa anasoma dua, kumbe anawasengenya watu wa mtaa. Anawaambia Noor amepaka rangi mlango na ule mlango sasa kama mdomo wa bibi harusi. Anawaambia bei ya nyanya. Nilicheka nyuma ya tangi nikajisahau, akageuka.

"Ndoo hapa," akasema. "Usijifiche kama mwizi."

Akanionyesha mmoja aliyesimama kando, hali kitu, anatazama wenzake wanavyogombania. Ana unyoya mweupe kwenye bawa la kushoto.

"Huyu namwita Karani," akasema. "Amekaa kuhesabu wenzake, yeye mwenyewe hana alifanyalo."

Mimi nilikuwa karani bandarini miaka thelathini na nne. Halafu, wallahi, akanimiminia kahawa.

Jumatatu, 30 Septemba

Sitini na mmoja, kwa hesabu ya Joab. Kikundi kimefurahi hadi Mzee Zakariya amefupisha dua.

Na mimi nimefurahi, lakini si kwa hilo. Kila asubuhi sasa tunakaa juu, mimi na dada, na vikombe vyetu, nusu saa. Amenihadithia mambo ya mama ambayo sikuyajua. Ameniambia nakoroma. Ameniuliza kama nilikuwa mpweke tangu mke wangu afariki, na mimi mtu mzima wa miaka sitini na mmoja nimegeuka nikatazama bahari.

Nitamwambia. Kabla ya siku yenyewe nitamwambia.

Jumatano, 2 Oktoba

Sikumwambia.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimeona kwa macho yangu. Mnana wawili waliotangulia kujenga mwaka huu, kiota cha kwanza kabisa, upande wa mnazi wa kati. Saa nne asubuhi. Kunguru mmoja ametua, akakishika kiota kwa mguu, akakipasua kama mtu anayefungua mkate. Akatoa kinda la kwanza. Halikuwa na manyoya. Akalimeza. Akatoa la pili, akaruka nalo hadi ukutani kwetu, akaliweka chini, akalichokora taratibu huku lingali hai. Mama mnana anampigia kelele juu ya kichwa, na yeye hana habari. Akageuka, nikaona unyoya mweupe.

Sote tunamkenulia meno huyu mnyama kila asubuhi, tunampa na jina! Nimeuma meno nikasema: sina la kumwambia dada. Hawa wafe tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Wanza amenivuta kando baada ya mkutano. "Mzee, dada anajua ni siku gani? Maana siku ile asiwaguse waliokufa. Asionekane akiwashika."

"Anajua," nikasema.

"Na yuko sawa? Mama yangu aliwahi kuwa na mbuzi…"

"Dada yangu si mtu wa kulialia," nikamkata.

Kwa nini asiwaguse, sikuuliza. Nilitaka tu aniondokee.

Jumanne, 22 Oktoba

Kesho ndiyo siku. Kunguru mia moja na nne. Sijui niandikeje.

Tulikuwa paani, sinia limekwisha, ndege wanapangusa midomo kwenye ukingo wa ukuta. Dada akasema bila kunitazama:

"Ziad, nilikuwa na jambo lako moyoni."

Nikajua ni lipi.

"Nilisema sitakusamehe hadi kaburini. Nilisema hivyo mbele ya Mungu, usiku ule waliporudi kwao. Na kila nikikutilia chakula nilikuwa narudia. Nimechoka. Wewe mwenyewe umekuja na nyama yako, kila siku, hukukosa hata siku moja, hukusema kitu. Nimeona ndiyo njia yako ya kuomba." Akanywa kahawa. "Nimekusamehe la Chirau. Nenda ukalale vizuri."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Hapo hapo. Ningesema: dada, ngoja, nyama ya kesho. Maneno matano. Nikasema, "Ahsante, dada," nikambusu mkono. Nikachukua samaha ambayo si haki yangu, nikaitia mfukoni, nikashuka nayo.

Wanza ameleta nyama iliyokwisha kutiwa dawa saa kumi na moja jioni, ndani ya kopo la plastiki, mkononi kavaa glovu. Iko kwenye friji, karibu na maziwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Aliwapa. Walikula yote. Nilisimama mlangoni pa ngazi, sikupanda.

Saa sita mchana akaniambia, "Leo wana kiu ajabu. Nimewatekea maji mara tatu, wanamaliza."

Nikasema ni joto.

Alhamisi, 24 Oktoba

Walianza kuanguka alfajiri. Hawalii. Ndege amekaa tu juu ya waya, halafu anainama, halafu yuko chini. Kuze yote, hadi Kibokoni, hadi mbele ya msikiti. Kikundi kilizunguka na magunia, Joab na wenzake, na watu wakiwapongeza. Mwenye duka la viatu ametoa soda.

Dada alishuka mbio, mtandio umemteleza. "Wana nini?"

"Kideri," nikasema. Ule ugonjwa wa kuku. Ulimi wangu uliupata wenyewe, kama uliokuwa umeuweka tayari.

"Masikini wa Mungu," akasema. Na kabla sijamzuia ameokota mmoja, na mwingine. Anawabeba kifuani. Akawapandisha juu paani, wanne, watano kwa safari, akawapanga kwenye kivuli cha tangi, akiwachovyea maji kwa kidole. Walio hai walikuwa wamejaa juu ya paa la Noor wakimtazama. Wametulia kimya. Sijapata kuwaona kunguru wamenyamaza vile.

Nikakumbuka maneno ya Wanza. Nikasema moyoni, la, hata, ni ndege tu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Karani amefia mapajani mwake. Hakulia, alimfunika kwa kitambaa cha jikoni. Hesabu ya magunia: themanini na tisa.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Mnana wanajenga. Kelele ya furaha kwenye minazi tangu saa kumi na mbili, siwezi kusema uongo, ni kelele nzuri. Chozi ametua kwenye kamba yetu ya nguo, mara ya kwanza kwa miaka sita au saba. Nikamwita dada aje aone dirishani. Akaja, akamwona, akasema mashaallah. Akarudi ndani. Amekonda.

Jumamosi, 9 Novemba

Mkutano wa mwaka. Mzee Zakariya amesema macho hayamsaidii tena, atafutwe mwingine. Nimechaguliwa mwenyekiti, kura tisa kwa moja, na ile moja nadhani ni yangu mwenyewe kwa adabu. Nilifurahi, sifichi. Nilitembea hadi nyumbani na kifua mbele.

Jumapili, 10 Novemba

Kama ningejua, ningewafungia mlango.

Walikuja saa tisa alasiri, Mzee Zakariya, Wanza na Joab. Wamevaa vizuri. Wanza kabeba mfuko wa duka la Biashara Street. Hawakuniambia, walitaka iwe jambo la kunifurahisha mimi pia. Dada akawakaribisha, akaleta halua na dele la kahawa, akakaa na mtandio wake, mwenyeji kamili. Hujambo, sijambo, watu wa nyumbani hawajambo, mvua, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa najaribu kumkonyeza mzee, na macho yake ndiyo hayo.

"Bi Raghad," akaanza, "tumekuja kukushukuru. Miaka sita tumehangaika. Wewe umetumalizia kazi kwa mkono wako mmoja." Wanza akatoa leso, pea nzuri, nyekundu na nyeusi, akamwekea mapajani.

"Mkono wangu umefanya nini?" akauliza dada, anatabasamu.

Mzee akacheka. Alidhani ni unyenyekevu. "Si ndio uliowapa kunguru dawa. Ziad alitwambia umeridhia tangu siku ya kwanza. Iko kwenye kumbukumbu."

Dada aliliweka dele chini. Hakunitazama mimi, hilo ndilo nililokuwa nalingoja na halikuja. Alimgeukia Wanza.

"Wewe ndiye mwenye ujuzi wake?"

"Ndiyo, mama."

"Nieleze hufa vipi."

Wanza akanitazama. Mimi nikatazama leso. "Dawa inaharibu figo, mama. Inachukua siku nzima, au siku na nusu. Ndege anapata kiu, anachoka, halafu analala."

"Anapata kiu."

"Ndiyo, mama."

"Niliwatekea maji mara tatu," akasema dada.

Ndipo Joab, huyu wa bara aliyefunga mdomo siku ile, akauliza kile alichopaswa kukiuliza: "Mama, wewe hukujua?"

"Kunyweni kahawa," akasema. "Itapoa."

Akawamiminia wote, na mimi. Akakata halua. Aliwashukuru kwa leso, akasema ni rangi azipendazo, akawasindikiza hadi mlangoni akawaombea kheri. Nilimsikia Wanza analia kwenye ngazi.

Aliporudi aliikunja ile leso vizuri, ncha kwa ncha, akaiweka mbele yangu.

"La Chirau sirudishi. Nikisamehe nimesamehe. Hili ni jipya, Ziad, na hili sikusamehe. Usinisumbue kuniomba."

"Dada, mnana wanajenga. Umewaona. Chozi wamerudi. Hawa kunguru walikuwa…"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Labda ningekataa. Labda ningekubali, mimi pia nina macho, naona wanavyokula makinda. Sasa hutajua kamwe, wala mimi sitajua." Akachukua vikombe. "Mara mbili watu wametaka neno langu, na mara mbili nilikuwa jikoni."

Jumatatu, 11 Novemba

Sabalkheri.

Alhamisi, 14 Novemba

Dada amepanda paani kuanika nguo, mara ya kwanza tangu Karani afe. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikasikia kelele nikadhani nyumba inaungua. Kunguru kumi na watano, hao waliobaki, wanamzunguka kichwani, wanapiga mayowe, wanamshukia hadi karibu na uso. Alijifunika kwa shuka lililolowa akashuka akipapasa ukuta.

Nikaenda kwa Wanza zahanatini. Alinisikiliza bila kunikaribisha kiti.

"Walimwona na maiti za wenzao mkononi," akasema. "Ndiyo maana nilikwambia asiwaguse. Kunguru akikuona na kunguru mfu, kwake wewe ndiye muuaji. Watawafundisha na watoto wao."

"Hadi lini?"

"Miaka." Halafu akasema, "Ulisema anajua."

Jumatano, 20 Novemba

Hawezi hata kutokeza dirishani.

Jumatatu, 25 Novemba

Alikwenda Biashara Street kutafuta uzi. Nikamfuata kwa nyuma, hakunikataza. Walimwandama toka mlangoni petu, kutoka paa hadi paa, wanapiga kelele, mtaa mzima umeinua shingo. Alitembea kichwa wima. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe kando. Noor, aliyekula kwetu miaka ishirini, ameanza kusema kwamba kunguru hawamsingizii mtu bure, lazima kuna kitu. Mimi nilitembea hatua mbili nyuma ya dada, mikono mfukoni. Hakuna kunguru aliyenitazama. Mtu mmoja akanisalimu, "Mwenyekiti, hongera."

Dada alirudi bila uzi.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda kwa Noor nikamwambia ukweli wote, kwamba ni mimi. Akanipa pole kwa kumfichia dada yangu aibu yake. Hivyo ndivyo alivyonielewa. Nikimtetea, wanasema ni ndugu mwema.

Jumanne, 3 Desemba

Hesabu ya mwisho wa msimu. Viota ishirini na mbili. Makinda ya mnana yaliyoruka, thelathini na moja. Shore wawili wamelea kwenye mwarubaini wa Noor. Kikundi hakijapata kuwa na hesabu kama hii tangu kianzishwe. Joab ameandika, ameweka kalamu chini, ameomba kujiuzulu. Wanza hakuja. Nilitia sahihi kama mwenyekiti.

Nilisimama chini ya minazi nikawatazama hao mnana wadogo, wanaruka vibaya, wanagonga makuti. Ni wazuri. Nilitaka kumwita dada, nikakumbuka.

Jumapili, 8 Desemba

Amesema nami, baada ya mwezi mzima wa sabalkheri.

"Ulinisemea kwa Chirau. Ukanisemea kwa kikundi. Sasa panda juu ukanisemee kwa wale."

"Dada, ni ndege. Niwaambie nini?"

"Wewe si ndiye wa maneno? Wape chakula. Wajue kuna mtu mwingine katika nyumba hii. Labda wakikuzoea wewe wataniacha mimi. Nataka kuanika nguo zangu juani, Ziad. Sitaki zaidi ya hilo."

Nikasema nitafanya. Ningefanya lolote.

Jumatatu, 9 Desemba

Saa kumi na mbili na nusu, sinia lilelile, nyama safi. Walikaa juu ya paa la Noor. Hawakuja.

Jumanne, 10 Desemba

Hawakuja.

Jumatano, 11 Desemba

Hawakuja. Nyama ililiwa na paka. Dada huuliza kutoka chini ya ngazi, "Wamekuja?" Nasema bado. Nasikia hatua zake zinarudi jikoni. Leo zilikuwa nzito.

Ijumaa, 13 Desemba

Sasa ndio narudi kuketi.

Nilipanda kama kila siku. Walikuwa kumi na watano pale kwa Noor, wamejipanga, na hawakuwa wakinitazama mimi wala nyama. Walikuwa wanautazama mlango wa ngazi. Ndipo nikafahamu kwamba siku zote hizi hawanioni. Mimi kwao ni kama tangi la maji.

"Wamekuja?" dada akaita toka chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaraji kitu.

Nikashindwa kusema bado. Sikuweza, mara ya tano. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Wamekuja, dada. Wanakula."

Halafu nikasikia ndara zake kwenye ngazi, haraka haraka, kama msichana. Nikasema, dada, ngoja, usipande. Lakini nilisema polepole, au sikusema, sina hakika. Alitoka mlangoni na beseni la nguo kiunoni, uso umefunguka. Sijamwona na uso ule tangu siku aliponisamehe.

Wakamshukia wote. Aliangusha beseni. Mmoja alimparura juu ya jicho, damu ikaingia ndani, na yeye hakujifunika. Alisimama akitazama sinia limejaa nyama ambayo hakuna aliyeigusa, kisha akanitazama mimi.

Niliruka nikapunga mikono, nikatukana, nikarusha sinia. Walinizunguka kama mtu anavyozunguka kiti, wakarudi kwake. Nilimkumbatia nikamsukuma ndani ya mlango, tukakaa kwenye ngazi gizani, wao nje wanapiga kelele. Alikuwa anahema.

"Umenidanganya na hili," akasema.

"Nilikuonea huruma."

"Najua," akasema dada. "Uniache."

Nimeokota nguo na kuzifua upya. Nimeanika mwenyewe, shuka zake, leso zake, moja moja, na vibanio. Ilinichukua nusu saa. Hawakunigusa.